Kidoti cha Nasra Kimeganda Matombo

Kijiwe chetu kipo Mwembesongo, ubavuni mwa fundi pancha: benchi moja la mbao, na tairi bovu la lori kwa anayechelewa. Kahawa namimina mimi, Abdulmajid, na nasema wazi, wiki hii wamenichosha. Tangu Jumatatu hakuna mpira, hakuna siasa, ni kidoti tu. Nasra, binti wa Hatibu, anafanya kazi benki huko Dar, ndiyo maana baba yake tunamwita Meneja ingawa hajawahi kusimamia hata banda la kuku. Mwaka jana binti alimwekea kwenye simu programu ya ramani inayoonyesha jamaa zako walipo, kila mtu kidoti chenye picha yake. Mwaka mzima kidoti cha Nasra kilikaa Posta, kwenye ghorofa la benki, na Meneja alituonyesha kila asubuhi kabla hata ya salamu. Jumatatu kikaamkia Matombo, milimani huko, na hakijatoka.

— Kipo palepale, Meneja akasema, anafuta kioo cha simu kwa kanzu. Siku ya nne! Kapita hapa mjini, kapita karibu na mlango wangu, hakushuka!

— Benki imemtuma, akasema Kondo, mstaafu wa kiwanda cha magunia. Wanafungua ofisi.

— Kwenye migomba?

— Hatibu, mwanao kasoma chuo, Mzumbe. Atakuwa kapandishwa, sasa ni mshauri. Kiwandani kwetu alikuja mmoja, kapiga suti, viatu vinameta. Wiki mbili anatufuata nyuma na kalamu, anahesabu hatua zetu toka mashineni mpaka chooni. Akaandika kitabu kinene hivi!

— Kikasemaje?

— Kwamba choo kipo mbali.

— Wakakisogeza?

— Wakafunga kiwanda. Lakini yeye alipanda cheo! Ndiyo kazi hiyo, bwana. Heshima yake si mchezo.

Hapo akadakia Kibwana wa bodaboda. Sisi tunamwita Bando, maana huyu atakosa mafuta ya pikipiki lakini intaneti hakosi.

— Mzee Meneja, unajichosha bure. Kidoti ni simu, siyo mtu. Simu imepigwa, mwizi kaona noma, kaitupia kwenye lori la ndizi.

— Lori gani linalala Matombo siku nne?

— Limekwama. Ile barabara si unaijua?

— Na hili neno kaandika dereva wa lori?

Akatugeuzia simu. Chini ya picha ya Nasra palikuwa na neno moja: Nyumbani.

— Nyumbani! Meneja akapaza sauti mpaka fundi pancha akaacha kujaza upepo. Nyumbani wapi? Kazaliwa hapa, kakulia hapa, nyumba ile pale yenye bati la bluu! Nyumbani ndiyo huko?

— Nimepata! Kondo akapiga paja. Mawe mekundu! Ile milima ina mawe ya vito, benki imenusa. Mtoto kajifanya mkulima, watu wakilala anapima mlima. Watanunua Uluguru yote, wataikata vipande, wataipakia wapeleke Dar!

— Na maji yetu yanatoka huko, tutakunywa ya wapi? Bando akauliza, kaingiwa na hofu kabisa.

Jamani. Nikagonga birika kwa kikombe.

— Meneja, kaka yangu, sema ukweli au kahawa hii naimwaga mtaroni. Binti kaacha kazi, hakuacha?

Meneja akaongea akiangalia viatu vyake.

— Aliniambia kabla ya Ramadhani. Eti anaacha benki, anakwenda kulima mdalasini na pilipili manga kwenye shamba la marehemu mama yake. Nikamwambia, siku utakayoinuka kwenye kile kiti, namba yangu ifute.

— Si umfuate? Bando akasema. Nakupeleka mimi, sasa hivi.

— Nimfuate kwa haki ipi? Ile ardhi ni ya ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru mimi ni mkwe tu, nakaribishwa kiti na chai. Siwezi kumwambia ang'oe hata mche mmoja. Benki... benki ilikuwa yangu. Nimefyatua tofali miaka tisa kumsomesha mpaka akafika ile benki.

Kwa kuwa hatukuwa na la kusema, tukasema mengi. Kondo akataka tukamshtaki kwa mkuu wa wilaya. Bando akataka ampigie yeye, ajifanye bosi wa benki. Nilitamani kukusanya vikombe nikalale.

Sasa kwenye lile tairi alikuwa amekaa mwalimu mmoja, Hosiana, anasubiri gurudumu la pikipiki yake lizibwe. Tangu afike alikuwa ametuamkia shikamooni, basi.

— Samahani, baba, akasema. Kwenye hiyo programu wewe tu ndiye unayemwona yeye?

— Inaonyesha wote, Bando akamjibu, akafungua simu yake, maana Meneja alishamuunganisha na yeye. Cheki, kidoti cha mzee hiki hapa, na sura yake.

— Kwa hiyo na yeye anakuona.

— Ananiona, Meneja akasema taratibu.

— Siku nne anakuona umekaa hapahapa, na yeye yuko mlima huo hapo. Unadhani anajiambia baba anafanya nini?

Kondo, mwenye majibu ya kila kitu mpaka ya choo, akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha poa.

Meneja akaisogeza simu karibu na macho. Nadhani kidoti chake mwenyewe hakuwahi kukiangalia. Akainuka, akatembea mpaka kwenye mtaro, akaangalia. Akaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme.

— Kimesogea? akauliza kwa sauti.

— Bado, mzee! Bando akamjibu, macho kwenye simu yake. Nenda mbele kidogo!

Akaenda. Akapita mashine ya kusaga, akapigiwa honi na bajaji wala hakugeuka, akashika njia ya kwenda Bigwa, ndiyo hiyo inayopanda Matombo, simu mkono huu, kikombe mkono huu. Bando akadandia pikipiki yake, anapiga kiki huku simu kaishika kwa meno. Pikipiki ikawaka, akaitoa simu mdomoni, akaitazama.

— Kimesogea! Mzee, kimesogea!

Kikombe changu kaondoka nacho, kahawa ikiwa bado imo. Sikumwita.