Mwalimu Obadiah Mwakesi na Sufuri Aliyoijutia

Marehemu Mwalimu Obadiah Mwakesi alizaliwa Werugha tarehe 9 Machi 1930, mtoto wa pili wa Mzee Danson na Mama Wakesho. Alisoma huko huko kijijini, kisha akasomea ufundi wa mitambo Mombasa, akahitimu mwaka 1953. Hesabu aliipenda kuliko chakula, na mara nyingi ugali wake ulipoa mezani.

Tarehe 14 Desemba 1957 alifunga ndoa na Tryphena Wakio. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Kuanzia 1964 alifundisha chuo cha ufundi, Voi. Mwaka 1984 chuo kilipata kompyuta tatu. Wanafunzi thelathini waliomba kozi mpya ya kuiga mwendo wa mitambo kwa kompyuta, nafasi zikiwa kumi na mbili, naye akapewa kazi ya kupima nani yuko tayari. Alienda na futi yake kupima tangi la maji la shamba moja la mkonge, akatunga swali: pampu ikisukuma maji kwa kasi fulani, tangi litajaa baada ya saa ngapi?

Mmoja wa waombaji, Perez Nanzala, binti wa mkata mkonge Khaemba wa shamba hilo, aliandika maneno mawili: "Halijai. Linavuja." Mwalimu alidhani anafanyiwa mzaha, akampa sufuri. Perez alikosa nafasi, akavunjika moyo, akaacha chuo na kwenda kufunga marobota ya mkonge.

Muhula uliofuata Mwalimu alipita pale, akamkuta mamake Perez amekinga debe chini ya tangi.

"Mwalimu, hii tangi inavuja tangu tuhamie hapa," mama alimwambia. "Si ungeuliza tu?"

Siku hiyo hiyo aliomba chuo kimrudishe Perez. Alikataliwa. Aliomba tena 1985, na 1986, akaambiwa matokeo yakishatoka yametoka. Aliona aibu, na hakuficha: aliwapima wengine kama wako tayari kuiga tangi kwa mashine, na yeye mwenyewe hakuwa amelitazama vizuri.

Mei 1987 aliugua figo. Alifariki Voi tarehe 21 Agosti, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Tryphena, watoto Alexander, Mable, Margaret na Josephat, na wajukuu saba. Ameacha pia agizo kwa Mable, anayesoma wasifu huu, kwamba hapa mazishini, mbele ya mkuu wa chuo na walimu wote, mahali ambapo hakuna atakayemkatiza, yasomwe haya: "Perez Nanzala, mtihani wa 1984. Amefaulu. Ni wa kwanza."

Yamesomwa. Sasa Mwalimu apumzike.