Historia ya Marehemu Evariste Bisimwa, Aliyeweka Picha Moja kwa Familia Mbili

Wachungaji wetu, akina mama, majirani wa Dzaleka na ninyi mliotoka Lilongwe, mimi Lévi, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe aliniagiza nisiyapambe, sitayapamba.

Evariste Bisimwa alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Machi 1974, akasoma msingi na sekondari palepale Bukavu, akapata diploma ya Serikali mwaka 1993 upande wa hesabu na fizikia, akaanza masomo ya kompyuta, vita vikayakatiza mwaka 1998. Alikuwa mbishi tangu utoto, njia wanayopita watu wote yeye aliikataa akatafuta yake, na mara nyingi alifika kabla yetu, jambo lililotuudhi zaidi.

Tuliingia kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, tarehe 2 Septemba 2003, na tarehe 18 Novemba 2006 alifunga ndoa na Benedicte, mshonaji, hapahapa kambini, Mungu akawajalia Béatrice mwaka 2008 na Christian mwaka 2011. Alitengeneza kompyuta katika duka moja la Old Town, Lilongwe, kisha mwaka 2009 akafungua hapa chumba chake cha kuchapa barua na kutunza picha, ambacho wengi wenu mlikijua.

Diski zake zilikuwa ndogo, alizitoa kwenye kompyuta zilizokufa, kwa hiyo akatunga mpangilio wake mwenyewe wa kuhifadhi mafaili, usiofanana na wa mashine nyingine, ambamo picha inayomilikiwa na familia mbili haikuwekwa mara mbili, ilionekana tu katika folda zote mbili, kila familia ikaamini ina nakala yake, wakati ndani ya diski picha ni moja. Aliujaribu kwa programu ya kuandikia barua, ambayo kila ukihifadhi hutengeneza faili jipya na kuliacha la mwenzako kama lilivyo, akaridhika. Programu yake ya kurekebisha picha ilifanya kinyume, iliandika juu ya picha ileile, na hiyo hakuijaribu.

Mama Goreth, jirani yetu tangu Kadutu, alikimbia na picha moja ya karatasi, ya harusi ya mwanawe Valentin mwaka 1996, pamoja na bibi harusi Marlène na wazazi wa Marlène, na Valentin aliuawa mwaka 1998. Mwaka 2010 Evariste aliiskani, akaiweka katika folda ya Mama Goreth na katika folda ya Marlène, ambaye naye hakuwa na picha nyingine ya wazazi wake. Mwaka uliofuata mchwa walikula ile karatasi, na hakuna aliyelia, kwa sababu ilikuwa kwenye mashine.

Aprili 2013 Marlène alikuwa anaolewa tena, na kwetu mwanamke haingii nyumba ya mume wa pili na sura ya yule wa kwanza, akaomba Valentin akatwe kwenye picha, abaki yeye na wazazi. Evariste alimkata kwa moyo mweupe, akimwambia asihofu, ya Mama Goreth ipo kwenye folda yake. Agosti Mama Goreth alikuja kuchapisha picha kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka mwanawe, folda ikafunguliwa, wakawamo Marlène na wazazi wake tu, na diski ya akiba ilikuwa imeshanakili kitu hichohicho kwa uaminifu wote.

Tangu hapo kaka yangu hakuwa mzima tena. Alijaribu programu za kufufua mafaili, lakini zote zilitengenezwa kwa mpangilio wa kawaida, katika wa kwake hazikuona chochote, mafundi wa Lilongwe wakamrudishia diski wakisema ni tupu, akaandika programu yake mwenyewe, miaka miwili, chumba kimefungwa, Benedicte akilisha nyumba kwa sindano. Mwaka 2015 alipata kipande cha chini, ambacho picha mpya, kwa udogo wake, haikukifunika, viatu, suruali na mkono, akampelekea Mama Goreth, naye akakiangalia sana, akasema, "Huu mukono njo yake. Lakini uso, baba, uso iko wapi?"

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa Lilongwe mara kwa mara, akafariki tarehe 11 Juni 2017. Siku mbili kabla aliniambia, "Usiseme mi nilikuwa fundi muzuri. Sema sura ya Valentin mi njo niliipoteza." Nimesema, na imeniuma kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, na mafundi wenzake wa Old Town waliotoa gari la kumleta.

Mama Goreth ameketi pale karibu na Benedicte. Yeyote aliyekuwa kwenye harusi ile ya Kadutu na amebaki na picha, hata mbovu, hata Valentin awe pembeni, aje kwake, na asiye na picha aje amsimulie uso ule ulivyokuwa, maana anasema umeanza kumtoka.

Kaka, pumzika kwa amani, kuutafuta uso ule tumebaki nako sisi.