Daktari Mwanaasha na Tumbo la Diwani

Katika miaka thelathini na moja niliyokaa na Daktari Mwanaasha hapa ofisi ya mifugo Same, mimi Sefu, mlinzi wa geti, sijamkimbia mbwa hata mmoja. Haya, msicheke. Najua mlinishusha kutoka juu ya tangi la maji siku aliyoletwa Diwani.

Daktari anastaafu tarehe 30 Juni, ndiyo maana leo tunamuaga. Alianza kwa kupanda milima ya Ugweno, wilaya ya jirani, kuchanja ng'ombe, akarudi viatu mkononi, na ile milima anaitukana mpaka leo. Amezalisha ng'ombe wengi, amepigwa teke na punda wa mwenyekiti. Ila kesi ya Diwani ndiyo iliyotunyima usingizi.

Diwani ni mbwa wa Bibi Anaeli, muuza tangawizi. Alikuwa anatetemeka ghafla, macho yanamtoka, moyo unamruka mpaka mbavu zinacheza, anaanguka. Baadaye anaamka, anadai chakula. Bibi alipomleta hapa, vijana wakamfuata mpaka getini na marungu.

"Bibi, mtoe tummalize! Ana kichaa huyo!"

"Nipigeni mimi kwanza," akasema Bibi, amemkumbatia Diwani.

Daktari akatoka. "Kichaa gani kinaondoka na kurudi kama mgeni? Nendeni zenu." Sauti kavu. Lakini hakuwa na uhakika.

Akamfungia Diwani peke yake amchunguze. Wiki nzima hakuanguka. Bibi Anaeli alipokuja kumwona, akafanya wafanyavyo bibi zetu Wapare kwa mtoto anayelia tumbo: mafuta ya moto, tangawizi, akamkanda tumbo kama alivyozoea nyumbani. Diwani chini! Daktari akamfunga mguuni mkanda wa presha wa watoto wachanga. Presha ilikuwa juu ajabu. Alipotulia, ikashuka.

"Bibi, acha! Usimguse tumbo tena!"

Akahisi ni uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, ugonjwa adimu. Ukibanwa, unamwaga homoni ya woga, mbwa anakuwa kama aliyeona chui. Kipimo cha ultrasaundi kwenye hospitali ya wanyama Morogoro kikauonyesha, mkubwa kama ndimu.

Sasa Diwani yuko kwenye vidonge vya kushusha presha. Keshokutwa anapasuliwa Morogoro, na Daktari anampeleka mwenyewe. Ametuambia wazi: mpasuaji akiubonyeza vibaya, moyo unaweza kusimama. Kila siku Bibi Anaeli anakuja kukaa getini na mimi.

Daktari, ahsante kwa yote. Kapumzike, ule, unenepe, milima uiangalie kwa mbali. Lakini fadhila yangu hujailipa: ulipofunga ule mkanda, aliyemshika Diwani kichwa ni mimi, na suruali haikubaki kavu. Basi wakimaliza huko, vyovyote itakavyokuwa, nipigie simu mimi kabla ya Bibi Anaeli. Nipate muda wa kutafuta maneno ya kumwambia.