Kurasa Nne za Dada Melania

Marehemu Melania Nikodemu Ntakije alizaliwa Kidahwe tarehe 9 Agosti 1978, mtoto wa pili wa hayati Mzee Nikodemu na Mama Marsiana. Mimi Elia, ninayesoma wasifu huu, ndiye niliyemfuata.

Alianza darasa la kwanza hapo kijijini mwaka 1986. Alifaulu kwenda sekondari ya bweni Tabora, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 2009 akapata shahada ya uzamivu ng'ambo. Mimi niliishia la saba nikashika cherehani. Hakuwahi kunifanya nijione mdogo kwa hilo.

Tangu 2010 alifundisha fizikia chuoni. Alichunguza ulinganifu, yaani kitu kugeuzwa na kubaki vilevile. Alisema migeuzo hiyo ina sheria zake, na kwa sheria hizo chembe ndogo kuliko vumbi hujipanga kwa familia. Likizo moja alipanga chikichi kumi mezani: nne, tatu, mbili, moja. Akaila ile moja ya nchani.

“Hapa kuna nini?”

“Hakuna kitu, dada. Umeila.”

“Kuna pengo. Wenzetu zamani waliona pengo kama hili, wakataja mapema uzito wa chembe inayokosekana. Ikatafutwa, ikapatikana.”

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na Bwana Thobias Gwimo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Winfrida.

Februari 2024 aligundulika na kansa ya kongosho. Juni akaja kwangu Bangwe awe karibu na mama. Alikuja na hesabu zake, karatasi kubwa zilizoandikwa kwa mkono. “Namalizia hii tu,” alisema, “halafu nitalala.”

Hapa nina neno la kusema mbele yenu. Septemba nilikuwa na sare za shule za kushona, na karatasi ya kukatia vielelezo vya kufuatisha kwenye kitambaa imeniishia. Nikachukua nne za dada. Zilikuwa na mistari mingi iliyofutwa kwa kalamu, nikadhani amezitupa. Alikuta kielelezo cha mkono wa shati mezani.

“Elia, huu wa kushoto. Wa kulia uko wapi?”

“Ni huohuo, dada. Nageuza karatasi.”

Alicheka mpaka akashika tumbo. “Miaka yote nawaeleza wanafunzi jambo hilo!” Akaigeuza yeye mwenyewe, akauona mwandiko wake. Kicheko kikaisha.

“Mabaki yake?”

“Mabaki ya zote nne yamewasha jiko.”

Aliomba kalamu. Hakunigombeza siku ile wala baadaye. Alianza kuziandika upya akiwa amekaa, kisha akiwa amelala. Alimaliza ukurasa mmoja kati ya zile nne.

Alifariki hospitalini hapa Kigoma tarehe 3 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 46.

Mwanafunzi wake Heritier amesoma kilichobaki. Nilimuuliza kama zile kurasa tatu zinaweza kujulikana kwa kutazama za kabla na za baada, kama ile chikichi. Alisema, “Hapana, mzee. Njia hiyo aliijua yeye peke yake.”

Ameacha mume, Thobias, binti, Winfrida, mama yetu Marsiana, kaka yetu mkubwa Zefania, na mimi. Kile kielelezo nimekiweka jenezani, upande wenye mwandiko wake ukiwa juu.

Dada, ulisema utalala ukimaliza. Nimekulaza kabla. Bwana akupe amani, nawe unisamehe.