Mama Mektilda Kashindye na Bweni la Mwashilungu

Tarehe 30 Juni 2005 Mama Mektilda Kashindye anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, kumi na minne ya mwisho akiwa nasi hapa Idara ya Elimu, Bariadi. Anaondoka akiwa na afya njema, meno yote kinywani, na ulimi uleule uliowatoa jasho wakuu wa shule wa wilaya nzima.

Alizaliwa Lingeka, Meatu, katika nyumba ya pamba na ng'ombe. Alisomea ualimu, akafundisha hisabati kwa miaka mingi, na baadhi ya wanafunzi wake leo ni mabosi wetu. Akipita ofisini kwao, mabosi hao bado hukaa wima. Mwaka 1991 alihamishiwa hapa idarani. Ilikuwa miaka ya soko huria: wanunuzi wa pamba wa kila aina waligombea wakulima, shule za binafsi zilichipua, na wafadhili nao wakaja na magari yao na miradi yao. Mmoja uliitwa Mradi wa Kuinua Sekondari, nao ulileta ruzuku ya vitabu, maabara na mabweni. Mama Kashindye alipewa kazi ya kupima kama ruzuku hiyo inainua elimu kweli au inapaka kuta rangi tu.

Kazi hiyo aliifanya kwa masharti yake. Kwanza, kuku hakuliwa shuleni kabla ya ukaguzi kwisha. Sisi tuliosafiri naye tulilala njaa mara kadhaa tukinusa mchuzi wa wenzetu, na hatujamsamehe kikamilifu. Pili, hakuamini kitu kwa kukiona mara moja. Mwaka fulani alipaka tone la rangi ya kucha chini ya hadubini aliyoonyeshwa katika maabara mpya. Wiki hiyohiyo hadubini ile ilimkaribisha katika shule nyingine mbili. Wakuu wa shule watatu walikuwa wakipeana kwa baiskeli, na siku alipowaita pamoja mezani kwake hakuna aliyethubutu kuomba hata maji.

Kwa visa vya namna hiyo wafadhili waliacha kuamini takwimu za shuleni. Mwaka 1998 wakaagiza wazazi waulizwe nyumbani kwao. Sekondari ya Mwashilungu, upande wa Nkoma, ilikuwa ikisubiri ruzuku ya bweni la wasichana. Wasichana wa pale walitoka vijiji vya mbali, wakapanga vyumba karibu na mnada, na kila muhula baadhi yao walirudi kwao na mimba, masomo yakaishia hapo. Sharti la ruzuku lilikuwa moja: ionekane kwamba familia zinapeleka mabinti shuleni.

Mama Kashindye aliandika maswali mwenyewe. Una watoto wangapi? Wasichana wangapi wanasoma? Vijana wetu wakapita nyumba kwa nyumba, wakaleta majibu, na majibu yakasema Mwashilungu karibu hakuna msichana anayesoma. Ripoti ikasainiwa, bweni likafutwa.

Mwenyewe hakupata usingizi, maana macho yake yalikuwa yameona madarasa yale yamejaa wasichana. Akapanda pikipiki, akaanguka kwenye tope la mbuga, akafika kwa Mzee Ndalahwa akiwa mweusi hadi kiunoni. Mzee huyu alikuwa amejibu kwamba ana mtoto mmoja. Uani kwake, mabinti watatu wenye sare za shule walikuwa wakiosha vyombo. Alipoulizwa, mzee alishangaa kwa dhati. "Mayu, mama yangu, hata ng'ombe hatuwanyooshei kidole tukawahesabu, sembuse watoto? Unataka wafe?"

Mama alijipiga paja. Yeye aliyelelewa Lingeka, ambaye bibi yake aliwahi kumchapa kwa kuhesabu ndama kwa sauti, ndiye aliyetunga swali lile! Akaketi na tope lake, akamwomba mzee amtajie majina tu, na kila mwenye jina yuko wapi. Hapo Ndalahwa akafunguka: Kabula yuko kidato cha pili, Milembe cha kwanza, na huyu mwingine anapenda sayansi kuliko kula. Alisema hadi jua likazama, na chakula kikaandaliwa. Tunathibitisha kwamba siku hiyo kuku aliliwa kabla ya ripoti.

Kurudi ofisini haikuwa sherehe. Ripoti ilikuwa imeshafika kwa wafadhili, na Mama alikuwa akisubiri kupandishwa kuwa mkuu wa kitengo. Alishauriwa na wakubwa aache yaliyopita. Yeye akasimama mbele ya kikao, wageni wakiwepo, akasema: "Swali lilikuwa langu, na lilikuwa bovu. Msiwaadhibu watoto kwa kosa langu." Cheo kilichelewa miaka miwili. Vijiji vyote vilipitiwa upya kwa majina, na bweni likajengwa. Tangu hapo kila fomu inayotoka idarani kwetu huuliza majina kwanza.

Mradi ule uliisha mwaka 2003 na wafadhili wakaenda zao. Mwaka huu wazazi wa Mwashilungu wameanza kujenga bweni la pili, kwa sababu la kwanza limejaa. Hakuna ruzuku, hakuna aliyewaagiza. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni Mzee Ndalahwa, na ng'ombe wake ndio wanaovuta mkokoteni wa mchanga. Wiki iliyopita tulimpeleka Mama Kashindye akaone. Alishuka kwenye gari bila fomu wala kalamu, jambo ambalo hatujawahi kuliona, akauwekea mkono ukuta ambao bado hauna paa, akalia. Sisi tulijifanya tunakagua matairi.

Mama, wabeja sana kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Tunakuombea mvua nzuri Lingeka, wajukuu watiifu, na kuku wa kula wakati wowote upendao. Wasichana wa Mwashilungu wanalala salama. Na wewe sasa pumzika.