Taya Langu na Maji Aliyoyameza Shangazi

Shangazi yangu aliyameza yale maji. Hapo ndipo paliponiuma kuliko pote, basi naanzia hapo hapo.

Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda cha hospitali. Sista alikuwa ameninyoa ndevu za upande wa kushoto, kuanzia sikioni mpaka kidevuni. Za kulia bado zilikuwapo. Daktari alisimama mlangoni, mikono ya koti ameikunja, anasubiri sisi tumalize mambo yetu ya ukoo. Mbele yangu alisimama Shangazi Apolonia na bakuli la maji. Kazi yake ilikuwa moja: apige funda, ayateme kifuani kwangu, aseme, "Sina neno juu yako, nenda salama." Akapiga funda. Akanitazama. Nikaona koo lake linapanda na kushuka.

Mke wangu Rozalia akasema polepole, "Shangazi, umeyameza."

Shangazi akaliweka bakuli chini. Akamwambia daktari, "Huyu asikatwe. Amezaliwa hivi. Ni kosa la mama yake, na kosa la mama halikatwi kwa kisu."

Nikashuka kitandani. Nikatoka hospitali nikapita katikati ya soko la Ifakara mpaka kwangu Lipangalala, ndevu upande mmoja. Muuza chumvi akaniuliza, "Severini, kinyozi wako ameitwa msibani?" Watu wakacheka. Nami ningecheka, kama mdomo ungefunguka.

Ndugu zangu, katekista ameniomba nitoe ushuhuda huu humu kanisani bila kutaja mtu. Amesema, "Sema tu kwamba ulijaribiwa." Namheshimu, lakini hapo sitamfuata. Aliyenijaribu ana jina, na amekaa benchi la tatu upande wa akina mama, amejifunga kitambaa cheupe. Mimi nimeishia darasa la pili. Nimeyaandika haya kwa wiki tatu ili nisije nikaogopa nikaruka mahali.

Sasa turudi nyuma.

Tangu nipate akili, uso wangu ulikuwa umekwenda upande. Kidevu kilihamia kushoto, meno ya juu hayakukutana na ya chini, na mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha ncha ya kidole cha mwisho. Watoto waliniita Chungulia, kwa sababu nilionekana kama mtu anayechungulia penye kona ya nyumba. Mnaonijua kwa jina hilo mpo wengi humu. Msiiname, nimelizoea.

Nyama sikuijua. Wali nilipondewa. Muhindi wa kuchoma niliunusa tu.

Nilipouliza kwa nini niko hivi, Shangazi alinijibu mwenyewe, maana ndiye aliyenilea. Alisema mama yangu alipokuwa na mimba yangu alitembea nje ya ndoa, na mtoto wa mimba ya namna hiyo hutoka amepinda. Ndiyo maana baba alimrudisha kwao, ng'ambo ya mto, Malinyi. Mimi nilikuwa na miaka sita hivi. Nakumbuka tu kwamba aliondoka na jembe lake.

Nawaambia, mtoto anakula anacholishwa. Nililishwa kumchukia mama yangu, nikashiba. Nilipokuwa kijana tayari nachonga mitumbwi, alikuja siku moja na kikapu cha samaki wakavu. Akasimama uani. Hakuingia. Akasema, "Mwanangu, nimekuletea kambare, nimewatwanga wawe laini." Nikamwambia, "Rudi na samaki wako." Akarudi nao. Alipokufa waliniletea habari. Nilikuwa na mti wa mvule nusu nimeuchonga, nikasema kazi haijaisha. Sikwenda kumzika.

Hilo ni langu mimi. Silimwagii mtu mwingine.

Kiangazi cha mwaka juzi jino la nyuma likaoza. Kung'oa haikuwezekana, koleo halipiti. Shavu likavimba, usaha ukapita kwa ndani, nikakaa siku nane kwa uji wa kufyonza na mrija wa tete. Rozalia akanishika mkono akanipeleka hospitali kama mtoto.

Daktari aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Jino hili dogo. Lingine litaoza. Siku moja uvimbe utashuka kooni, utafunga pumzi." Nikamwuliza dawa. Akasema hakuna dawa ya kunywa. Mfupa wa taya umeshikana na mfupa wa kichwa chini ya sikio. Akate pale, afungue. Akasema kukulaza usingizi siwezi, maana mdomo haufunguki na pumzi ikikwama sina pa kupitisha mkono. Nitakuchoma sindano ya ganzi, utakuwa macho. Tena kuna mshipa karibu, nikiugusa jicho halitafumba vizuri. Na kufa, inawezekana.

"Nitanyooka?" nikamwuliza.

"Kidogo. Mimi nafungua mlango tu. Nyumba itabaki imeinama."

Halafu akaniuliza, "Wewe ulianguka? Mtoto mdogo?"

Nikasema hapana, nimezaliwa hivi. Akachukua kidole changu, akakiweka chini ya kidevu, penye kovu. Kovu hilo Shangazi aliniambia ni chale ya dawa. Kisha akakipeleka chini ya sikio la kulia, halafu la kushoto. Kulia mfupa ulikuwa laini kama ukingo wa mtumbwi. Kushoto ulikuwa na nundu.

Daktari akasema, "Hii ilivunjika, ikajiunga vibaya." Sikumwamini. Nilimwamini Shangazi.

Nilifikiri mwezi mzima. Rozalia alisema, "Mimi sikuolewa na kidevu. Lakini sitaki kukuzika kwa ajili ya jino." Basi nikakubali kukatwa. Ila kwetu mtu hapelekwi kwenye kisu hivi hivi. Wageni mliohamia juzi labda hamjui, nawaeleza: dada wa baba hutema maji. Na kabla ya kutema, kama ana kinyongo na mgonjwa, au amemficha neno, hulitamka kwanza. Akitema huku ameficha, mgonjwa akifa, kifo ni chake. Akimeza, amekataa. Ndiyo maana nilimwita Shangazi hospitali, na ndiyo maana yale maji yalimshinda.

Lakini siku ile sikulijua hilo. Nilifikiri ananionea huruma nisife.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nachonga, shavu limevimba tena. Mti ulikuwa mvule mzuri, ila umepinda katikati. Sasa, fundi anajua. Mti uliozaliwa umepinda, nyuzi zake zinapinda nao tangu chini, taratibu. Mti ulioangukiwa na mwenzake ukiwa mchanga, nyuzi zake zimejikunja mahali pamoja, pana nundu. Nikaligusa lile fundo la mti. Nikagusa chini ya sikio langu. Nikaweka tezo chini.

Nikamweleza Rozalia. Akasema, "Mtu anayemeza maji ana kitu anakizuia kisitoke. Nenda kwa Kalista. Mashamba yao na yenu yalipakana."

Nilimkuta Kalista uani kwake anapepeta mpunga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndevu zimeanza kulingana, naona."

"Dada, nilianguka?"

Ungo ukasimama. Akasema, "Nani amekuambia?"

"Mfupa."

Akakaa chini. Pumba zikaendelea kupeperuka zenyewe. Akasema, "Ulikuwa ndiyo kwanza unatembea. Mpunga umekomaa, wote tumehamia shambani, tunalala juu ya madungu, vichanja vile vya nguzo ndefu, kuwafukuza ndege na nguruwe. Mama yako alikwenda Malinyi kumzika bibi yako. Apolonia akaachwa nawe. Siku hiyo dungu la kwetu lilikuwa na pombe. Akaja. Nikamwuliza, mtoto yuko wapi? Akasema, yuko juu, ngazi nimeiondoa ili asishuke."

"Ngazi ameiondoa."

"Ameiondoa. Ukatafuta ngazi, ukaikanyaga mahali haipo. Chini palikuwa na kinu. Ulitua kwa kidevu. Mimi ndiye niliyekuokota."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa na miaka kumi. Aliniambia, ukisema nitasema ulikuwa unakunywa nasi. Mama yako aliporudi, uso umevimba, Apolonia akasema ni matumbwitumbwi. Uvimbe ukaisha, wote tukasahau. Halafu ukaanza kukua, na upande mmoja haukui. Watu wakauliza. Ndipo yule akaleta neno la mimba." Akazikung'uta pumba mapajani. "Mama yako alipofukuzwa nilimbebea mzigo mpaka mtoni. Alipanda mtumbwi, nikamwona mpaka ng'ambo. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, Severini. Nipige ukitaka."

Sikumpiga. Nilimsaidia kukusanya pumba, maana sikujua mikono niiweke wapi.

Ndugu zangu, nilikwenda kwa Shangazi mara mbili. Mara ya kwanza alisema mgongo unamwuma. Mara ya pili alisema, "Mambo hayo yameota majani. Unayafyeka ya nini?" Nikamwambia, "Mama yangu yuko chini ya majani hayo." Akasema, "Ukigombana na ukoo utazikwa na nani?" Nikatoka.

Basi tukavuka mto, mimi na Rozalia, kwenda Malinyi kwa mjomba, kaka wa mama, maana dada wa baba akikataa, yeye anaweza kutema. Nilimpa shikamoo, akachelewa kuitikia. Akatuonyesha kaburi, lina jiwe moja la kusagia kichwani. Pale pale akaomba maji. Akalishika bakuli, akasema, "Kabla sijatema nina neno. Nimekuchukia wewe mtoto. Dada yangu alirudi na wale samaki, akawatundika juu ya moto, hakula, hakuruhusu mtu ale, mpaka wakawa masizi. Hukuja kumzika. Nilisema ufe mdomo umefungwa. Hilo ndilo neno langu, nimelitoa." Kisha akatema. Yalikuwa maji baridi, nayasikia mpaka leo kifuani. Nikalia, tena kwa mdomo ule kulia ni kazi, machozi yanapata njia lakini sauti haipati.

Nikarudi hospitali. Sista akaninyoa kushoto, akasema, "Leo tunamaliza?" Nikasema tunamaliza, nyoa na kulia.

Walinichoma ganzi, wakanifunika macho. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti. Ndugu zangu, daktari alitumia patasi na nyundo, kama mimi. Nikamsikiliza anavyogonga. Hagongi kwa hasira, anafuata nyuzi. Nikajiambia, huyu ni fundi, tulia. Halafu kitu kikalia tak, kama gogo linapoachia, akaniambia, "Fungua." Nikafungua. Hewa ikaingia mahali haijaingia miaka arobaini.

Leo nimebaki nimeinama kidogo, mnaniona. Jicho la kushoto linachelewa kufumba. Lakini vidole viwili vinapita. Jino lile niliwaachia pale pale. Mahindi yalipotoka nilichoma muhindi mmoja, nikaula jua zima, punje kwa punje, Rozalia ananitazama kama natoa mahubiri.

Namshukuru daktari kwa mkono wake, na sista aliyeninyoa mara mbili asininung'unikie. Namshukuru Rozalia. Namshukuru mjomba, aliyenichukia mbele ya uso wangu, maana chuki iliyosemwa ina mwisho. Namshukuru hata Kalista, ingawa alichelewa. Amekuja leo, na amesema mkimwuliza atajibu.

Funzo langu ni dogo. Mtoto akianguka mikononi mwako, sema siku ile ile. Watakutukana, watakupiga, yatakwisha. Mfupa wa mtoto mdogo, daktari alisema, ukiuguzwa mapema na kulazimishwa kufunguka, unaweza kukua. Sikupotezwa na dungu, wala na kinu, wala na pombe. Msichana akinywa pombe akaghafilika, nani humu hajaghafilika. Nilipotezwa na lile neno moja lililosemwa baadaye, na likaachwa liishi. Lilichukua taya langu, na hilo limerudi nusu. Lilichukua mama yangu, na huyo hakurudi.

Katekista ameniambia nisamehe. Padri naye ameniambia. Nimewauliza, nisamehe nini, wakati mwenyewe hajasema amefanya nini? Mbele ya watu mama yangu aliitwa malaya. Mbele ya watu aondolewe jina hilo. Simtaki Shangazi apigwe, simtaki atengwe. Atakula kwangu na nitamzika. Nataka atamke, kwa mdomo wake ambao haujawahi kufungwa hata siku moja.

Shangazi Apolonia, shikamoo. Hapa mezani, karibu na msalaba, nimeweka bakuli. Maji ni ya mtoni, nimeyachota asubuhi pale mama alipopandia mtumbwi. Inuka uje. Sema kwanza, kisha uteme. Tunasubiri, na safari hii usimeze.