Zamu ya Mlangoni

Kivuko kilipoiacha Mwanza kuelekea Kamanga, Bernadeta alichungulia ndani ya Hiace yenye mapazia. Mbwa mzee, mdomo umejaa mvi, alilala juu ya godoro kama mkwe aliyekuja kutembea.

"Shikamoo mzee. Huyu naye anasafiri?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaishi humu," alisema Liaqat, mwenye gari. "Popote ziwa lilipo tunalala."

"Mbwa kitandani! Si kazi yake mlangoni?"

"Alilala mlangoni miaka yote. Sasa hasikii, haoni. Mlangoni nalala mimi."

Maji yalikuwa yametulia, na mawe makubwa ya ufukweni yalipita taratibu kama ng'ombe wanaotoka kunywa. Bernadeta, ambaye kwao mbwa havuki kizingiti, hakushawishika. "Niachie, akae kwangu. Safari zinamchosha."

"Kinachomchosha ni kusimama. Injini ikizimwa, mtetemo ukikoma, analia mpaka aguswe. Hapa kivuko kinatetema, anadhani tunaendesha."

"Utamdanganya hadi lini, baba?"

Kivuko kikagusa nchi kavu, injini ikanyamaza. Mbwa akainua kichwa, akalia. Liaqat akakimbilia usukani kuwasha gari. Bernadeta akajikuta ameketi mlangoni mwa gari, mkono mgongoni mwa mbwa, bado anabisha.